Tusirithi msikiti tukaiacha nia: Somo kwa Waislamu wa Mbulu na Hanang

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, sote tunaijua Hadith ya nia, ile ambayo Imam Bukhari amefungulia kitabu chake. Mtume (S.A.W.) ametufundisha humo kuwa watu wawili wanaweza kuhama kwa njia moja, mmoja hijra yake ikawa kwa Allah na Mtume wake, na mwingine akawa amefuata dunia au mwanamke wa kumuoa. Safari ni ile ile, malipo mbalimbali. Leo natamani tulitazame jambo ambalo hatulisemi sana, nalo ni kwamba nia ya jamii nzima inaweza kubadilika bila ya mtu yeyote kutangaza kuwa imebadilika.

Katika historia ya Marekani wapo Wakristo waliotoka Uingereza walioitwa Wapuritani. Waliona Kanisa la nchi yao limechafuka, wakataka kulitakasa. Walipobanwa, wakavuka bahari kwa maelfu. Mwaka 1630 John Winthrop aliongoza kundi kubwa hadi Massachusetts, na lengo walilitaja wazi: kujenga jamii itakayofuata amri za Mungu na kuwa mfano kwa wengine. Mwaka 1631 wakaweka kanuni kuwa asiyekubaliwa kanisani hapigi kura. Mwaka 1636 wakaanzisha chuo, ambacho leo ndicho Harvard, kwa kuchelea kubaki na wahubiri wasiosoma. Sisi hatukubaliani na itikadi yao, na dhulma zao hazifichiki. Wao waliokimbia kubanwa waliwafukuza waliotofautiana nao, wakawanyonga watu wa madhehebu ya Quaker, na wakapigana na wenyeji wenye ardhi. Lakini huwezi kusema walikwenda kule bila ya lengo.

Je, nini kilitokea baadaye? Bandari ya Boston ilinawiri kwa samaki, mbao na meli. Watoto walikulia kanisani, lakini bila ya ule moto wa wazee wao. Mwaka 1662 viongozi wa dini wakalegeza masharti, ili watoto wa wale ambao wenyewe hawajathibitisha imani yao nao waweze kubatizwa. Mwaka 1691 ikaja hati mpya ya utawala kutoka London, na sharti la kura likawa ni mali, si kanisa tena. Zingatia, ndugu msomaji. Mwanzo mtu aliulizwa imani yake ikoje. Miaka 60 baadaye akaulizwa ana mali kiasi gani. Nyumba za ibada zilikuwa pale pale na kengele zililia kama kawaida. Kilichobadilika ni kile kilichohesabiwa.

Tusicheke. Katika Suratul Hadid, aya ya 16, Allah (S.W.) anatuhadharisha sisi waumini tusiwe mithili ya waliopewa Kitabu kabla yetu, ambao muda uliwawia mrefu nyoyo zao zikasusuwaa. Maneno hayo tumeambiwa sisi.

Sasa tuje nyumbani, katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Kule Haydom, wilayani Mbulu, wamishionari wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali mwaka 1955. Walikuja kuhubiri dini yao, na hilo hawakulificha. Leo ni hospitali ya rufaa yenye chuo cha uuguzi, chini ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT, na Waislamu ni miongoni mwa wanaotibiwa humo. Kama nia ya 1955 ingali ile ile, hilo ni swali la wenyewe. Sisi tuna letu.

Waislamu wengi wa miji ile, asili yao ni wageni. Walitoka Kondoa, Singida na pwani kufuata biashara, ng'ombe na kazi za serikali. Wengi hawakwenda kwa ajili ya da'wa, lakini walisali, na jirani zao Wairaqw na Wabarbaig wakawaona wanasali. Biashara si aibu. Hata huku pwani Uislamu ulikuja na wafanyabiashara. Swali ni moja tu: leo tunahesabu nini?

Hudhuria kikao cha kamati ya msikiti, Katesh au hata Dar es Salaam. Mara ngapi saa nzima huishia kwenye kodi za fremu, na suala la mwalimu wa madrasa likaachwa kwenye mengineyo? Fremu si haramu. Wakfu ndio uliolisha vyuo vya Kiislamu kwa karne nyingi. Lakini fremu ilijengwa iitumikie madrasa. Ikigeuka kuwa madrasa ndiyo inayoipa fremu kisingizio, basi tumefika Boston.

Na jirani je? Siku ya mnada tunamjua Mbarbaig kwa bei ya ndama wake, jina lake hatulijui. Wapo miongoni mwetu wanaomwita Mang'ati, neno lililotoka kwa Wamasai lenye maana ya adui. Allah ametuamrisha katika Suratun Nahl, aya ya 125, tulinganie kwa hekima na mawaidha mema. Utamlingania vipi mtu ambaye salamu yako ya kwanza kwake ni kumwita adui?

Tukumbuke Desemba 2023. Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80, na maduka yaliyochukua miaka kujengwa yakafukiwa asubuhi moja. Allah awarehemu Waislamu waliofariki na awape subira wafiwa wote. Aliyekuwa amehesabu fremu peke yake, siku ile alibakiwa na nini?

Nashauri mambo mawili. Kwanza, kila kamati, kabla ya kusoma mapato, isome hesabu tatu: watoto wangapi wamehitimu juzuu mwaka huu, safu ngapi zinajaa Alfajiri, na majirani wangapi wamekuja kuuliza kuhusu Uislamu. Pili, wewe uliyeko mjini na una asili ya kule, somesha kijana mmoja anayezungumza Kiiraqw au Kidatoga, arudi akafundishe kwao. Gharama yake pengine haifiki ya harusi moja ya mjini.

Ewe Mola wetu, zitengeneze nia zetu na za watoto wetu baada yetu. Wabillahi tawfiq.