Petro na Ubao
Anayejifunza kupiga kafi akiwa amesimama juu ya ubao huonywa mapema: asitazame miguu, atazame mbele. Akiinama tu, magoti yanatetemeka, ubao unayumba, chubwi!

Injili ya Mathayo, sura ya 14, ina kisa kinachokaribia hapo. Petro alitembea juu ya maji, akauona upepo, akaogopa, akaanza kuzama. Je, imani ni kutoiona hatari?

Chris Bertish wa Afrika Kusini aliiona kwa siku 93, kati ya 2016 na 2017, akivuka Atlantiki peke yake juu ya ubao wa aina hiyo kutoka Agadir, Moroko, hadi Antigua. Ubao wake ulikuwa na kijumba cha kulala. Petro hakuwa hata na ubao. Ila alikuwepo Yesu wa kumshika mkono, jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka, wakikimbilia kumlaumu.