Maua ya Madhabahu: Je, Yatengwe au Yachanganywe?



Wako watu katika sharika zetu ambao kazi yao yaonekana na wote, lakini wenyewe hawaonekani: ndio wapambao madhabahu kwa maua. Kazi hiyo twaidhania ndogo, walakini ndani yake limo swali litupasalo kulifikiri.

Njia za kuyapanga maua ni mbili. Wengine huyatawanya: waridi hapa, yungiyungi pale, kisha waridi tena, hata chombo chote huwa kama kunde na mahindi katika ungo mmoja. Wengine huyakusanya kwa jamii zake: mawaridi pamoja, mayungiyungi pamoja, maua madogo ya manjano pamoja, na kati ya jamii na jamii huacha nafasi kidogo. Njia hii ya pili ina faida yake. Aketiye nyuma kanisani hawezi kulitambua ua dogo lililotawanywa kati ya mengine. Bali matano ya rangi moja yakikaa pamoja, macho yake huyafikia.

Labda mtu atauliza: Je, huku si kubagua? Swali hili ni la haki, maana twazijua desturi za wanadamu. Wa kabila moja huketi na wenzao, wenye mali na wenye mali, waliosoma na waliosoma.

Basi na tutazame Marko 6:39-40. Bwana wetu alipotaka kuwalisha wanaume elfu tano, aliwaketisha kwa makundi penye majani mabichi. Na neno moja alitumialo Marko katika Kiyunani kwa makundi yale ni neno la vitalu vya bustani. Kupangwa kwa makundi, basi, si dhambi kwenyewe. Lakini huko Korintho, kama Mtume Paulo alivyowakemea katika waraka wa kwanza, mlango wa 11, watu walijitenga mezani hata maskini wakabaki na njaa. Pote pawili palikuwa na makundi. Tofauti yake ni chakula. Kule kilimfikia kila mtu, huku kilizuiliwa.

Ndivyo ilivyo katika chombo cha maua. Jamii zote hunywa maji yale yale. Kundi moja likiwekwa mbele siku zote, likayaficha mengine, huo si mpango tena, ni ubwana. Wala ile nafasi iliyo katikati si ukuta. Huko Kilimanjaro mpambaji aweza kutia hapo jani la isale, ambalo Wachaga tangu zamani hulipeleka wakiomba msamaha na suluhu.

Hata Kanisa letu limepita njia hiyo. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika yaliungana kuwa moja, nayo yalikuwa yamelelewa na misheni mbalimbali, kila moja na desturi zake.

Lakini liko jambo ambalo mpango wa makundi hauwezi kulitengeneza. Ua lililo moja tu, lisilo na mwenzake, litakaa wapi? Mpambaji mwenye haraka hulitupa, au hulichomeka nyuma kuziba pengo. Mpambaji mwenye hekima hulitafutia mahali kwanza, kisha huyasogeza mengine. Katika usharika ua hilo ni mjane aliyehamia kutoka mbali, au kijana aliyekuja mjini kutafuta kazi, naye hana ndugu. Hana kwaya, hana ukoo hapa, wala hakuna aitaye jina lake. Sisi tulio na makundi hatumwoni, maana macho yetu yamezoea kuitafuta rangi yetu.

Kwa hiyo twawasihi walimu na wazee wa kanisa: Jumapili ijayo, kabla ya kuyahesabu makundi, mtazameni aketiye peke yake. Mwulizeni jina lake na nyumba akaayo, tena mtumeni mtu aende kumwamkia kabla ya Jumapili ya pili. Usharika uliopangwa vizuri hujulikana kwa mahali alipopewa mtu huyo.

Mungu awabariki.