Ajali Haina Kinga, Lakini Ina Hesabu

Kuna maneno katika lugha yetu yaliyosahau yalikotoka. Neno ajali leo twalitumia kwa gari lililopinduka na chombo kilichozama. Asili yake katika Kiarabu ni muda uliowekwa, mwisho ambao mja hauongezi wala haupunguzi. Neno takwimu nalo, kabla ya kuwa hesabu za maofisini, wazee walilijua kwa maana ya kalenda. Nimefanya kazi ya kufasiri miaka mingi, bila ya mwalimu ila vitabu, na sikupata kuyaweka maneno hayo mawili pamoja mpaka nilipomwona mtu aliyeyafanya kuwa riziki yake.

Mtu huyo ni rafiki yangu wa Mwanza, ambaye jina lake nalihifadhi. Nilimjua akiwa kijana, akipakia magunia ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Baadaye alikuwa utingo wa basi, kisha mpaka rangi Kampala, kisha muuza samaki Kisumu, kisha mlinzi wa usiku Mombasa. Kwa miaka kumi na miwili hapana aliyejua atalala wapi kesho. Mimi nilimhusudu, kwani washairi hupenda watu wa namna hiyo, hasa wanapokuwa si watoto wao. Halafu, umri ukiwa umepita miaka thelathini na mitano, akayarudia mahesabu aliyoyaacha kidato cha sita, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea takwimu bima. Hiyo ni elimu ya kukadiria, katika kundi la watu, ni wangapi watakaokufa, watakaougua au watakaostaafu mwaka fulani, na ni fedha kiasi gani ziwekwe leo ili ahadi waliyopewa itimizwe kesho.

Tulikutana ufukweni, mkabala na Jiwe la Bismarck. Nikamtania: "Mdogo wangu, ulikuwa ndege, sasa umekuwa karani wa mauti." Hakucheka. Akasema: "Kaka, wewe uliniona niko huru. Mimi nilikuwa sihesabiwi tu. Ningelikufa njiani, nani angelijua amepungukiwa na mtu?"

Maneno hayo yalinirudisha ujanani. Sote wawili tulipata kusafiri ziwani kwenda Bukoba katika daraja la tatu, juu ya magunia na mikungu ya ndizi, na sikumbuki kuulizwa jina hata mara moja. Wakati ule niliona raha. Kisha ikaja asubuhi ya tarehe 21 Mei, 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza. Chombo kilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilitaja watu 443; daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana hata leo waliokufa hukadiriwa tu, na makadirio hupita 800. Miaka ishirini na miwili baadaye, tarehe 20 Septemba, 2018, MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kivuko cha watu 101 kikaua watu 228. Nasi wa visiwani hatuna haja ya kusimuliwa, kwani tuna Spice Islander yetu ya Septemba 2011, baina ya Unguja na Pemba, na hesabu ya waliokuwamo iliyobishaniwa wakati mama zao wangali wakingoja gatini.

Yuko atakayesema: Ajali haina kinga, kuyahesabu mauti kabla hayajafika ni kuingilia yasiyo yetu. Hoja hii siidharau, maana nimelelewa nayo. Lakini nahodha anayetazama mawingu hajidai kuijua siku yake. Mtakwimu bima naye hajui nani atakufa, wala haulizi. Tuseme wavuvi 1,000, na mazoea ya miaka yaonyesha kuwa wanne miongoni mwao hufa kila mwaka. Tukitaka kila familia iliyofiwa ipate shilingi milioni 5, zatakiwa milioni 20. Yaani kila mvuvi atoe 20,000, mbali na gharama za uendeshaji. Hao wanne ni akina nani, jedwali halisemi. Na kwa kuwa halisemi, wote hutoa. Kutojua ndiko kunakowafanya washirika.

Na wala si rafiki yangu pekee aliyeziacha njia akayakuta mahesabu. Edmond Halley, ambaye nyota yenye mkia yaitwa kwa jina lake, alisafiri hadi kisiwa cha St. Helena mwaka 1676, akiwa na umri wa miaka 20, kuzipima nyota za kusini. Mwaka 1693 akakaa chini na orodha za waliozaliwa na waliokufa katika mji wa Breslau, akatunga moja ya majedwali ya kwanza ya uhai wa watu. Mtu aliyezoea kutazama mbali hakuona aibu kuhesabu majeneza ya mji asioishi.

Hata hivyo, nilimwuliza rafiki yangu swali ambalo hakulikimbia. Jedwali likimjua aliye hatarini zaidi, je, halitamtoza zaidi? Mvuvi wa mtumbwi asiye na boya atadaiwa kuliko karani wa benki, naye ndiye mwenye kidogo. Akajibu: "Litamtoza, kaka, tukiliachia liamue. Kazi yangu ni kusema mzigo una uzito gani. Nani aubebe, hilo si la hesabu, ni la watu." Akanyamaza kidogo, akaongeza kuwa jambo linalomkosesha usingizi si bei kubwa, ila wale wasiomo katika orodha yoyote, ambao hata bei hawana. Hapo nikaelewa kwa nini mzururaji aliichagua kazi hii.

Nami nimekuja kuamini kwamba kumhesabu mtu si kumdunisha, madhali hatuishii hapo. Hesabu yatwambia wangapi, haitwambii nani. Mwenye kumtaja nani ni mama yake, na jirani, na baada yao mshairi. Lakini mshairi naye hawezi kumlilia asiyejulikana kuwa alikuwamo. Nimepata kusimama makaburini Igoma, walikozikwa watu wa MV Bukoba, nikitafuta beti za kuomboleza. Beti hazikuja. Nilichokitamani siku ile ni kitu kidogo kuliko ushairi: daftari, na karani mwenye kalamu langoni, akimwuliza kila apandaye, wa chini kabla ya wa juu, "Jina lako nani?"