Shule Ikifungwa, Jengo Ni la Nani?

Hapa Babati ukiuliza shule iliyofungwa ifanywe nini, majibu huja haraka. "Liuzwe jengo," atasema mmoja. "Liwe ghala la mahindi," atasema mwingine. Mimi narudi nyuma kidogo: hivi jengo lenyewe ni la nani?

Ni la serikali, utaniambia. Kwenye karatasi, sawa. Lakini shule nyingi za msingi zimejengwa kwa nguvu za wananchi: mama kabeba maji, mzee katoa mchango, mtoto kaja na jiwe kichwani. Nami nilibeba. Hatukuwa tunamjengea mtu nyumba. Tulitaka watoto wasome.

Watu wa pwani wana neno wakfu: mali ikishatolewa kwa jambo fulani haiuzwi wala hairithiwi, inabaki kulitumikia jambo hilo. Kwangu, shule ni wakfu usioandikwa.

Tazama Mazimbu, Morogoro. Mwaka 1977 Tanzania iliwapa ANC ya Afrika Kusini shamba la zamani la mkonge. Mwaka uliofuata wakaanzisha shule, ikaja kuitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya Makaburu Aprili 1979. Wakajenga madarasa, mabweni, hospitali na karakana. Milango ya kwao ilipofunguka, shule ikafungwa, na mwaka 1992 wakaikabidhi kwa serikali yetu. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Jina la Mahlangu lipo, na makaburi ya wenzao yapo. Wanafunzi wamebadilika, kazi ni ileile.

Si kila shule itapata chuo kikuu, najua. Na pale watoto walipohama kabisa, tuwaachie popo darasa eti kwa heshima ya wazee? Hapana. Jengo linalooza ni dharau kubwa kuliko ghala, maana wakfu unadai matumizi.

Ila kuna utaratibu. Kwanza elimu: chekechea, maktaba, mafunzo ya ufundi. Ikishindikana, zahanati. Ikibidi kupangisha, basi kodi inunue madawati kule watoto walikohamia, na hesabu isomwe kwenye mkutano wa kijiji. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na waliobeba mawe wengi bado wako hai. Waulizwe mapema, kabla hawajakutana na kufuli jipya mlangoni.