Nenda Ukamwone Unayemfanyia Kazi

Wengi wetu tunawahudumia watu tusiowaona. Anayepanga dawa boharini hamjui atakayezimeza, na mhasibu wa pensheni anamjua mstaafu kwa namba ya jalada tu. Si dhambi, ndivyo kazi zilivyogawanywa. Lakini hali hiyo ikidumu huukausha moyo, na moyo ukishakauka hata mchapakazi hodari huanza kudhani jalada ndilo kazi yenyewe.

Gregory Winter angeweza kuishia hapo na asilaumiwe na mtu. Mwingereza huyu, mzaliwa wa Leicester mwaka 1951, alikuwa mtafiti wa biolojia ya molekuli katika maabara ya Baraza la Utafiti wa Tiba mjini Cambridge, mahali ambapo udadisi peke yake unatosha kuwa kazi. Humohumo, mwaka 1975, César Milstein na Georges Köhler walibuni njia ya kuzalisha kwa wingi kingamwili za aina moja kwa kutumia seli za panya. Matumaini yalikuwa makubwa, ila mwili wa binadamu uliitambua kingamwili ya panya kuwa ni mgeni na kuipiga vita. Winter alifanya kama mkulima mwenye jembe kali na mpini usiomfaa: alibakiza ncha zile chache zinazomshika adui, akazipachika kwenye kingamwili ya binadamu. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1986.

Mwaka 1988 kingamwili ya namna hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya limfu hukohuko Cambridge. Mmoja wao alikuwa bibi mzee, naye Winter akaenda kumwona. Hakulazimika kwenda. Madaktari walikuwa na vipimo, na mtafiti husoma vipimo. Bibi yule akamweleza kwamba mumewe naye yu mahututi, na kwamba anatamani apate muda wa kutosha kuwa naye hadi dakika ya mwisho. Hakuna karatasi ya maabara yenye nafasi ya kuandika jambo kama hilo. Winter mwenyewe amesimulia kwamba baada ya siku ile alijiona ana wajibu wa kimaadili: kazi ile lazima iwafikie watu.

Wajibu huo ulionekana katika mambo makavu kabisa, ya mikataba. Hataza za mbinu yake hazikukabidhiwa kampuni moja ikazikalia. Leseni zilitolewa kwa kampuni nyingi. Mwaka 1989 akashiriki kuanzisha kampuni, Cambridge Antibody Technology, iliyotumia virusi vya bakteria kutafuta kingamwili zilizo za binadamu kabisa. Katika njia hiyo ikapatikana adalimumabu, dawa ya baridi yabisi iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2002. Nobeli ya kemia ilikuja 2018, pamoja na Frances Arnold na George Smith.

Najua kuna atakayeniambia kwamba kampuni huleta fedha, na kwamba mtu haanzishi kampuni kwa huruma peke yake. Sawa. Tena nitamwongezea: adalimumabu ikawa miongoni mwa dawa zilizouzwa kuliko zote duniani, na mwenye kuimiliki aliizungushia hataza nyingi kiasi kwamba Marekani dawa zinazofanana nayo hazikuingia sokoni hadi 2023. Wajibu alioupata mtu mmoja kando ya kitanda haurithiwi na kila anayekuja nyuma yake na kalamu ya mkataba. Huenda ndiyo sababu nasema kila mmoja aende mwenyewe, mwanasheria wa kampuni na bosi wake wakiwemo.

Na ukienda, ndugu yangu, usiende kwa ziara. Ziara tunazijua: gari tatu, mpiga picha, wenyeji wamepangwa mstari na wameambiwa cha kujibu. Utarudi umeshiba pilau na hujasikia kitu. Nenda peke yako, kaa unapoonyeshwa kukaa, uliza hali, kisha nyamaza. Usimwulize kama ameridhika na huduma. Atakuambia ameridhika, kwa adabu tu. Mwulize anataka kufanya nini akishapata anachokisubiri kwako. Mstaafu anaweza kukutajia ada ya mjukuu, au bati la jikoni linalovuja, na hapo utajua kama jalada lake linapaswa kutoka wiki hii au linaweza kungoja.