Msimwibie Babu Yenu Usiku

Wajukuu zangu, juzi niliamka saa nane usiku nikasikia tak, tak, tak. Nikadhani bomba linadondosha maji kwenye ndoo. Kumbe simu! Mmoja wenu, na mwenyewe anajijua, aliitega chini ya mto wa babu ipige mapigo mpaka asubuhi, eti amesoma kwamba mgonjwa wa Parkinson anaweza kufundishwa kutembea akiwa usingizini. Nilimkuta babu ameketi ukingoni mwa kitanda, macho kodo, anauliza nani anapasua kuni usiku huo.

Simgombezi. Alichosoma si uongo, ila alikisoma nusu.

Kila asubuhi mnamwona babu uani akivuka vijiti nilivyolaza chini, nami nampigia makofi. Mnacheka. Ndani ya ubongo wake chembe zinazotengeneza dopamini zinakufa, na hatua iliyokuwa ikijiendea yenyewe sasa ni lazima iitwe. Makofi yanaiita. Hapa hapa wilayani Hai wagonjwa ambao hawakuwa wamemeza hata kidonge kimoja walifundishwa kutembea kwa namna hiyo, wakaenda vizuri zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Miaka michache kabla yake, watu walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la wilaya yetu lililokuwa na watu zaidi ya 161,000, wakapata wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hakuna aliyewahi kuwaambia wanaumwa nini. Walihesabiwa wazee tu, basi.

Sasa, yale ya mchana hukomaa usiku. Mtu akijifunza jambo la mikono jioni kisha akalala, mara nyingi huamka analijua kuliko alivyoliacha. Usingizini ubongo hurudia ya mchana. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani waliwapa vijana harufu ya waridi wakati wanakariri mahali kadi zilipo, wakawapulizia harufu ile ile walipokuwa katika usingizi mzito. Asubuhi walikumbuka zaidi. Baadaye mbinu hiyo ikajaribiwa kwa sauti, na wataalamu wa Leuven, Ubelgiji, ni miongoni mwa wanaoifikisha kwa wagonjwa wa Parkinson. Lakini wao wanamfunga mtu nyaya kichwani, wanasoma mawimbi ya ubongo, wanasubiri usingizi uzame, ndipo wanapotoa sauti ndogo isiyomwamsha, ile ile aliyofanyia mazoezi. Simu chini ya mto haijui babu amezama au ameamka. Inapiga tu, kama jirani mwenye disko. Tena hilo bado ni jaribio, si dawa ya kubandika nyumbani.

Mnaloweza kulifanya ninyi ni kumwachia usingizi wenyewe, kwa maana ugonjwa huu tayari unaukata vipande vipande. Dawa ikiisha nguvu usiku, mwili unakakamaa, hawezi kugeuka. Ndiyo maana nimetandika shuka linaloteleza. Lile nene la pamba mliloniletea lilimng'ang'ania mpaka akaita watu. Mkojo nao humwamsha mara tatu, nne. Halafu ninyi mmewasha mpira sebuleni mpaka saa sita, na saa kumi na moja mnamwamsha anywe chai kabla hamjaenda kazini. Kisha mnaniuliza kwa nini leo hatua zake zimerudi nyuma!

Wala msimnunulie vidonge vya usingizi duka la dawa kwa ushauri wa muuzaji. Mzee wa miguu hii akiamka amelewa, anaanguka. Mkiona halali, mwambieni daktari, apange upya saa za dawa, msizikate wenyewe. Mchana mtembezeni, achoke kidogo. Huko Alabama, Marekani, wagonjwa walionyanyua vyuma mara tatu kwa wiki kwa wiki 16 walilala vizuri kuliko waliopewa mawaidha tu kuhusu usingizi.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kuwaambia. Miaka tisa kabla mkono wake haujaanza kutetemeka, babu yenu alinipiga ngumi ya jicho akiwa usingizini. Alikuwa anaota anafukuza ngedere kwenye mahindi ya tambarare. Asubuhi alipoliona jicho langu alikaa kimya mpaka uji ukapoa. Wanawake wenzangu walisema jini, wengine wakasema amenichoka. Nilinyamaza, nikaweka mto katikati. Nilikuja kujua nimechelewa kwamba madaktari wa Minnesota walikwisha kuieleza hali hiyo mwaka 1986: mtu akiota, ubongo huufunga mwili usiitende ndoto, na kufuli hiyo ikilegea ngumi huruka. Si wote, lakini wengi wa wenye hali hiyo baada ya miaka hupata Parkinson au maradhi ya jamii yake. Kwa hiyo baba yako au mama yako akianza kupigana na ndoto, usicheke, usimpeleke kwa mganga. Mpeleke hospitali, na uende na yule anayelala naye, maana mwenye ndoto hatakuwa na la kueleza.

Simu nimeifungia kabatini chini ya kanga zangu. Mwenyewe aje kuichukua kesho, babu akishaamka.