Kisasi cha Yatima

Mtu aliyedhulumiwa utotoni, je, ana udhuru akikua na kuwadhulumu wengine? Swali hili ni la kale, na mataifa mengi yalilijibu kwa hadithi kabla ya kulijibu kwa sheria. Natutazame hadithi tatu za Ulaya.

Ya kwanza ni ya Ufini. Tabibu Elias Lönnrot alizunguka vijijini kukusanya nyimbo za wazee, akazipanga katika kitabu kiitwacho Kalevala, kilichotoka mwaka 1835 na kuongezwa mwaka 1849. Humo yumo Kullervo. Untamo aliushambulia na kuuangamiza ukoo wa Kalervo, ndugu yake, na Kullervo mwana wa Kalervo akazaliwa utumwani. Walijaribu kumwua kwa maji, kwa moto na kwa kamba, asife. Akauzwa kwa mhunzi, na mke wa mhunzi akamwokea mkate wenye jiwe ndani. Kisu chake, urithi pekee wa baba yake, kikavunjika juu ya jiwe lile. Kwa hasira akaleta dubu na mbwa mwitu katika sura ya ng'ombe, nao wakamrarua yule mwanamke. Baadaye alipata habari kwamba wazazi wake walinusurika, akawaona; lakini kiu ya kisasi haikukatika. Alikwenda kuiteketeza nyumba ya Untamo, na aliporudi, wazazi wamekwisha kufa. Akajiua kwa upanga wake.

Ya pili ni ya Denmark, iliyoandikwa na Saxo Grammaticus yapata mwaka 1200. Amleth, ambaye ndiye asili ya Hamlet wa Shakespeare, aliuliwa baba na ami yake. Akajifanya mwenda wazimu, hata siku moja akawachoma moto wakuu wa ami yake walipokuwa wamelewa, akamwua ami mwenyewe, akatawala.

Ya tatu ni ya Wagiriki wa kale. Orestes alimwua mamaye kwa kuwa mamaye alimwua babaye. Katika mchezo wa Aeschylus wa mwaka 458 kabla ya Kristo, mizimu ya kisasi ilimwandama mpaka Athena akaunda baraza la raia limhukumu. Kura zikawa sawasawa, akaachiliwa.

Katika zote tatu adui yumo ndani ya ukoo. Lakini miisho yao si mmoja: Amleth alipata kiti, Orestes alipata baraza, Kullervo hakupata kitu. Hata hivyo, naona Wafini ndio waliochimba zaidi. Mzee Väinämöinen aliposikia kifo cha Kullervo hakumlaani. Aliwaonya watu wasimlee mtoto kwa ukatili, maana mtoto wa namna hiyo hapati busara hata akiwa mtu mzima. Ndivyo wasemavyo wahenga wetu: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Lakini tusisahau mke wa mhunzi. Kosa lake lilikuwa jiwe katika mkate. Malipo yake yakawa uhai. Udhuru hueleza chanzo cha dhambi, lakini hauioshi. Hakimu huuliza, nani ametenda? Mzee huuliza, nani alimlea? Taifa lenye akili huuliza yote mawili.

Nawe, mwanafunzi, ukiwa uliwahi kuonewa na aliyekuzidi, kumbuka: atakuja mdogo kuliko wewe. Hapo ndipo utakapochagua kama dhuluma ile itapita kwako au itakomea kwako.